Magitaa Mawili Mjini Elisabethville

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka kusini na katikati ya Afrika na mashine yake ya kurekodi, alifika Jadotville, mji wa migodi ambao leo tunauita Likasi. Huko akakutana na kijana wa miaka 22 akipiga gitaa mtaani. Kijana huyo ni Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya. Miongoni mwa vipande alivyorekodiwa kimo kimoja cha gitaa tupu, Masanga. Asiyeambiwa, akikisikiliza, ataapa kwamba wapigaji ni wawili: mmoja ameshika sauti nzito ya chini, mwingine anatembea juu yake kwa madaha, mara wanapishana, mara wanaitikiana. Kumbe ni mtu mmoja tu, kidole gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Nimeanza na Bosco kwa sababu sura hii inahusu riwaya ambayo Katanga, eneo la shaba la kusini mwa Kongo, inatudai: riwaya ya wanamuziki wawili wanaokabiliana na ubaguzi wa rangi. Fasihi ya Kiswahili imekwisha kumpa mwimbaji heshima ya kitabu. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na ambaye wenye nasaba walimcheka kwa asili yake duni kabla ya kumpigia makofi. Wasifu huo ulitufundisha kwamba maisha ya mwimbaji yanaweza kubeba habari za jamii nzima. Lubumbashi nayo ina habari za namna hiyo, nyingi kuliko tunavyofikiri, na ziko tayari kwa mwandishi mwenye masikio.

Tuutazame kwanza mji wenyewe. Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, kwa ajili ya shaba. Tangu mwanzo ulipimwa kwa rangi ya ngozi. Mji wa Wazungu ulikuwa na barabara pana zenye miti. Waafrika waliwekwa kwenye makambi ya Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na katika sité, yaani mitaa ya wenyeji: Kamalondo, ambayo zamani iliitwa Albert, kisha Kenya, Katuba na Ruashi. Kati ya pande hizo mbili uliachwa ukanda wa ardhi usiojengwa. Maofisa waliutetea kwa sababu za afya, wakidai unazuia mbu na maradhi, lakini kila aliyeuvuka alfajiri kwenda kazini na kuuvuka tena jioni kurudi nyumbani alijua unazuia nini. Usiku Mwafrika aliyeonekana mjini bila karatasi ya ruhusa alikuwa na kesi ya kujibu.

Na waliodai haki yao mchana, tena kwa amani, walijibiwa kwa risasi. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waliokuwa wamegoma kwa ajili ya mshahara walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Askari wakafyatua. Walikufa makumi ya watu, akiwemo kiongozi wao, karani Léonard Mpoyi. Wafanyakazi Wazungu nao walikuwa wametikisa kampuni mwaka huohuo kwa madai yao, na hakuna aliyewafyatulia risasi.

Bosco alipokuwa akirekodiwa na Tracey, damu ile ilikuwa na miaka kumi na kitu. Mwaka huohuo wa 1952, mwezi Mei, serikali ya kikoloni ilitoa amri iliyomruhusu Mwafrika “aliyestaarabika” kuandikishwa na kuhesabiwa karibu sawa na Mzungu mbele ya sheria. Kabla yake, tangu 1948, kulikuwa na kadi ya sifa njema ya kiraia. Kupata hati hizo kulitaka mtu akaguliwe kama bidhaa. Wakaguzi waliingia nyumbani kwake, wakatazama familia inavyokula, inavyolala, mke amevaaje, watoto wanasema lugha gani. Patrice Lumumba mwenyewe aliipitia njia hiyo. Walioambulia hati ile katika koloni zima walikuwa wachache mno, na wengi wao waligundua kwamba mlango wa hoteli ya Wazungu haukusoma karatasi. Ulisoma uso.

Hapo ndipo muziki unapoingia, na ndipo riwaya ninayoitaka inapopata uti wake wa mgongo. Sahani ya santuri ilivuka ule ukanda mtupu bila ruhusa ya mtu. Masanga ilitoka Katanga ikafika Johannesburg, ikafika Nairobi, ikafika Ulaya. Mapema katika miaka ya 1960 mtaalamu David Rycroft aliandika noti zake moja moja katika jarida la muziki wa Afrika, kwa uangalifu ambao wengine huuweka kwa Bach. Katika miaka ya ukoloni, wakati vidole vya Bosco vikisikilizwa kwa unyenyekevu ng'ambo ya bahari, mwenye vidole alikuwa bado “mwenyeji” wa daraja fulani katika mji wake. Sijaona picha inayoueleza ukoloni wa Kibelgiji kwa uwazi kuliko hii.

Bosco hakuwa peke yake. Jina lake huandamana na la Edouard Masengo, ndugu yake wa ukoo, mpiga gitaa na mwimbaji mwenye sauti laini, aliyetokana na kikundi cha JECOKE, vijana wachekeshaji wa mtaa wa Kenya wa Elisabethville, walioimba, wakacheza na kuigiza. Hawakuwa jozi rasmi yenye jina moja kwenye bango. Lakini wasikilizaji waliwaweka pamoja, na maisha yaliwapeleka njia moja: mwishoni mwa miaka ya 1950 wote wawili walikwenda Nairobi. Peter Colmore, Mzungu aliyeendesha biashara ya burudani na matangazo huko, ndiye aliyewaita. Masengo akawa sauti ya Coca-Cola, Bosco akawa sauti ya dawa ya Aspro.

Wazee wa nchi ya Kenya waliokuwa vijana miaka hiyo hukumbuka mapigo yao hadi leo, na wapiga gitaa wa Magharibi ya Kenya walijifunza mengi kutoka kwao. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hilo ndilo jambo la fahari. Mimi linanisumbua jambo jingine. Nairobi ya wakati ule ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika Hali ya Hatari, iliyoanza 1952 na kufutwa Januari 1960. Makazi yake yaligawanywa kwa rangi: Wazungu vilimani, Wahindi pao, Waafrika mashariki ya mji. Kampuni zilizitaka sauti za Wakongo hawa ziingie katika kila nyumba ya Mwafrika ziuze soda na vidonge. Hazikuhangaika wenye sauti wataingia kwa mlango gani. Mtunzi wa riwaya asiiache nafasi hii impite: msanii anayesikika kila mahali na kukaribishwa mahali pachache.

Miaka hiyohiyo watoto na walimu wa Kamina, kaskazini magharibi mwa Katanga, walikuwa Ulaya. Kwaya ya Troubadours du Roi Baudouin, chini ya padri Mbelgiji Guido Haazen, ilizunguka Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani mwaka 1958 ikiimba misa ya Kilatini kwa mapigo ya Kiluba, ile Missa Luba. Walioisikia walivutwa na uzuri wake. Sauti ya mbele ilikuwa ya mwalimu Joachim Ngoi, na sehemu kubwa ya nyimbo hizo ilizaliwa vinywani mwa waimbaji wenyewe, papo kwa papo. Jina lililobaki katika kumbukumbu ya dunia, hata hivyo, ni la padri.

Mwaka uleule, jijini Brussels, kulikuwa na Maonyesho ya Dunia. Ubelgiji ilijenga eneo la Kongo, na ndani yake kijiji cha nyumba za makuti na uzio. Mafundi wa Kikongo waliketi humo wakichonga na kusuka huku watazamaji wakiwaangalia. Baadhi ya watazamaji walianza kuwarushia ndizi na karanga. Mafundi waliudhika, wakalalamika, na kabla ya maonyesho kwisha wakaondoka, kijiji kikabaki kitupu. Ubelgiji haikuwa mgeni wa jambo hilo. Mwaka 1897 watu 267 kutoka Kongo waliletwa Tervuren kuonyeshwa hivyohivyo, na 7 kati yao wakafa huko kwa baridi na maradhi.

Basi katika nchi moja, mwaka mmoja, Wakongo walipigiwa makofi kwa misa yao na wakarushiwa ndizi kutoka nje ya uzio. Watu wengi huuandika ubaguzi kana kwamba ni chuki ya mfululizo, uso uliokunjwa asubuhi hadi jioni. Anayetaka kuuandika kwa ukweli lazima aandike na makofi. Mwanamuziki aliuona ubaguzi kwa namna ambayo mchimba shaba hakuuona, kwa kuwa yeye alipendwa. Alishikwa mkono jukwaani, akasifiwa, akapigwa picha, na kisha akaonyeshwa mlango wa nyuma. Kidonda cha anayependwa hivyo kina maumivu yake ya pekee, na riwaya ndiyo chombo chenye subira ya kukichunguza.

Mwandishi wetu atapata wapi lugha? Watu wengi hudhani kwamba historia ya Katanga iko katika Kifaransa peke yake. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, kwa niaba ya wazee waliowahi kuwa maboi katika nyumba za Wazungu, alikusanya kijitabu cha historia ya Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo, kikapigwa chapa kwa taipureta. Jina lake ni la Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville, lakini mwili wake ni Kiswahili cha jikoni, cha barazani na cha kambini. Wanaozungumza humo ni wapishi, wafuaji na walezi wa watoto, watu waliomwona Mzungu akiwa amevaa pajama. Wanaeleza jinsi walivyoajiriwa, walivyolipwa na walivyotendewa. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikichapisha kitabuni mwaka 1990, akakieleza kwa kina. Sijui maandishi mengine ya Kiswahili yanayoutazama ubaguzi wa rangi kutoka karibu hivyo, na inaniuma kwamba katika madarasa yetu ya fasihi hayasomwi.

Fabian huyohuyo alimhoji mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi yake katika picha 101 na kuzieleza kwa Kiswahili. Katika sebule za Lubumbashi za miaka hiyo picha iliyopendwa sana ilikuwa ile ya “Colonie belge”: mfungwa amelazwa kifudifudi, askari mweusi ameinua kiboko, ofisa Mzungu amesimama kando anatazama. Familia ziliinunua na kuitundika ukutani, ikawa mbele ya macho yao wakati wa kula. Kumbukumbu ilikuwa na mahali pake nyumbani, karibu na picha za harusi.

Sasa nieleze jozi ninayoiona mimi. Mmoja namtoa Bunkeya, kama Bosco. Mahali hapo pana historia yake: ndipo palipokuwa makao makuu ya Msiri, Myeke mwenye asili ya Unyamwezi, katika Tanzania ya leo, ambaye aliuawa tarehe 20 Desemba 1891 na msafara wa Kizungu ulioongozwa na Stairs alipokataa kuikubali bendera ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Kijana aliyekulia huko amekuwa akiisikia habari hiyo tangu utotoni. Ana gitaa, ana shule kidogo, amepata kazi ya ukarani.

Wa pili namtoa Kasenga. Kasenga iko kando ya Luapula, takriban kilomita 200 kaskazini mashariki ya Lubumbashi, na ng'ambo ya mto ni Zambia. Kwa miongo mingi mji wa shaba ulikula samaki wa hapo. Wagiriki walifika Kasenga wakiwa na mitumbwi na baadaye boti za injini, wakanunua samaki kwa wavuvi, wakawapakia kwenye malori pamoja na barafu, wakawapeleka kwenye makambi ya Union Minière, ambako kila mfanyakazi alikuwa na posho yake ya chakula. Wabelgiji waliwadharau Wagiriki hao, kama walivyowadharau Wareno na Waitalia maskini, wakawahesabu Wazungu wa daraja la pili. Nao Wagiriki walikuwa na wa kumdharau chini yao. Ubaguzi huwa ni ngazi, na kila aliye juu ya kipago kimoja huogopa kuteleza hadi cha chini.

Kando ya mto huo walizaliwa watoto wa baba Mzungu na mama Mwafrika. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga na mgombea urais, ni mtoto wa Kashobwe, katika wilaya hiyohiyo ya Kasenga. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa samaki, Myahudi aliyetoka kisiwa cha Rhodes, na mama yake Mkongo. Yeye alizaliwa mwaka 1964, ukoloni umekwisha. Waliomtangulia walikuta amri nyingine. Serikali ya Ubelgiji iliwaona watoto wa damu mbili kuwa hatari kwa utaratibu wa rangi, ikawachukua wengi wao kwa mama zao na kuwafungia katika misheni. Waziri Mkuu Charles Michel aliomba radhi bungeni mwezi Aprili 2019. Wanawake 5 waliochukuliwa hivyo utotoni hawakuridhika na radhi tupu, wakashtaki, na tarehe 2 Desemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Brussels ikatamka kwamba walichotendewa ni uhalifu dhidi ya ubinadamu, ikaamuru walipwe fidia.

Mwimbaji wangu wa Kasenga ni mmoja wa watoto wa aina hiyo, baba yake Mgiriki, ila mama yake alimficha upande wa pili wa mto, akaponea. Anaimba Kibemba na Kiswahili. Alijifunza kwenye karindula, lile banjo kubwa la pipa na ngozi ambalo hadi leo hutikisa matanga na sherehe mitaani Lubumbashi. Anakutana na karani wa Bunkeya mtaa wa Kenya, katika baa, Jumamosi. Sauti zao zinashikana. Mtu anawarekodi. Wanapata jina.

Halafu mji unaanza kuwatenganisha. Hapa ndipo penye kiini cha yote niliyoyasema. Riwaya nyingi za ubaguzi huwaweka marafiki wawili upande mmoja na adui upande wa pili, na adui anapopiga wao hushikana zaidi. Katanga ya miaka ya 1950 ilikuwa na ujanja zaidi. Ilimpa mmoja nusu mlango. Mwenye baba Mgiriki anaweza kuketi mahali ambapo mwenzake atafukuzwa. Anaweza kulipwa faranga chache zaidi kwa wimbo uleule. Anaweza kuambiwa na mwenye hoteli kwamba yeye apite mbele, gitaa na mwenye gitaa wapitie jikoni. Afanye nini? Akikubali, amemsaliti mwenzake. Akikataa, mwenzake atakosa kazi ya usiku huo na mtoto wa mwenzake atalala njaa. Karani naye, ambaye wakaguzi wamekwisha kuja kwake kuhesabu vijiko, ataanza kumtazama mwenzake kwa jicho gani? Siku wakiimba kwa sauti moja wimbo wa mapenzi mbele ya Wazungu wanaokunywa mvinyo, kila mmoja atakuwa anaimba akiwa upande wake wa ule ukanda mtupu, ambao sasa umehamia kati ya viti vyao viwili.

Riwaya ya namna hiyo haihitaji hotuba. Inahitaji mlango, malipo na jina kwenye karatasi ya sahani. Inahitaji mwandishi anayejua kwamba wanamuziki wa miaka ile kwa kawaida walilipwa mara moja mkononi na wimbo ukaondoka, na kwamba aliyebishana juu ya hilo alihesabiwa mkorofi. Iende pia zaidi ya mwaka 1960. Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni, Katanga ilijitenga siku 11 baadaye chini ya Moïse Tshombe, ikawa na wimbo wake wa taifa, uliotungwa na Joseph Kiwele, mwanamuziki aliyekuwa pia waziri wa elimu. Nyuma ya serikali hiyo walisimama Union Minière na maofisa wa Kibelgiji, hadi ilipoanguka Januari 1963. Jozi yetu ingeimba wimbo gani siku hizo? Nani angewalipa?

Katanga haijapungukiwa na vipaji vya kuandika. Mwandishi V.Y. Mudimbe alizaliwa Jadotville mwaka 1941. Fiston Mwanza Mujila, mzaliwa wa Lubumbashi mwaka 1981, aliandika Tram 83, riwaya ya marafiki wawili na baa moja katika mji wa migodi, yenye mdundo wa jazi kuanzia ukurasa wa kwanza. Ilichapishwa mwaka 2014, ikatafsiriwa kwa lugha nyingi na kushinda Tuzo ya Etisalat ya mwaka 2015. Riwaya zao ni za Kifaransa. Sina ugomvi na Kifaransa. Lakini Bosco na Masengo waliimba Kiswahili, maboi wa Yav waliandika Kiswahili, Tshibumba alieleza picha zake kwa Kiswahili. Watu walioubeba ubaguzi huu mgongoni walikwisha kuchagua lugha ya kuusimulia.

Muda nao unakwenda. Bosco alikufa katika ajali ya gari mwaka 1990, Masengo mwaka 2003. Aliyekuwa na miaka 15 wakati wa Maonyesho ya Brussels leo amepita 80. John Low, Mwingereza aliyekwenda Lubumbashi mwaka 1979 kujifunza gitaa kwa mabwana hawa, aliandika shajara ya safari yake na kuichapisha. Kazi kama hiyo ilitakiwa ifanywe na vijana wa Katuba na Kasenga kwa mamia, na bado inaweza kufanywa. Ewe kijana wa Lubumbashi unayesoma sura hii, mwendee bibi yako na simu yako, mrekodi akieleza nani alipita wapi na nani alizuiwa. Kisha keti uandike, kwa Kiswahili chako cha Katanga, bila kukionea haya mbele ya Kiswahili cha Unguja. Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014, imekuwa ikipokea miswada ya riwaya. Peleka wako.